Panapokataa Chai, Managu Hustawi

Mwishoni mwa Februari, vumbi la barabara zinazoelekea vituo vya kununulia majani chai huwa limetanda juu ya michai iliyo kando ya njia, na mchumaji anayerudi jioni hubeba kikapu ambacho hakijajaa. Kiangazi cha Kericho na Bomet ni kifupi, lakini kinauma. Halafu, kwa kawaida kuelekea katikati ya Machi, mawingu yanayotoka upande wa Ziwa Victoria huanza kukusanyika kila alasiri, ngurumo husikika upande wa Msitu wa Mau, na siku chache baadaye kila mwenye jembe yuko nje.

Wenzetu wa Ulaya husubiri joto ndipo waingie bustanini. Huku kwetu joto halina la kutuambia. Mji wa Kericho uko chini kidogo tu ya ikweta, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mtu akivaa sweta Januari ataivaa pia Juni. Kinachofungua msimu ni maji. Mvua ya masika, ile ya Machi hadi Mei, humkuta mmoja akiwa na miche tayari kitaluni na mwenzake ndiyo kwanza anatafuta mpini wa jembe, na tofauti yao huonekana mezani mwezi wa Mei.

Makala haya si ya shamba la chai. Chai ina viwanda, maafisa, mikutano na wanasiasa wa kuisemea. Nataka kukisemea kipande kile kidogo kilicho nyuma ya jikoni, ambacho mara nyingi ni kazi ya mama na watoto, na ambacho miaka nenda miaka rudi kimekuwa kikipungua kadiri michai inavyosogea kuelekea ukutani. Nimeingia katika boma nyingi ambako ukifungua dirisha la jikoni unaweza kuchuma majani mawili na kichipukizi bila kutoka nje, lakini sukuma wiki inanunuliwa dukani, shilingi kwa shilingi, kila jioni. Hilo linanisikitisha. Bonasi ya chai ya Oktoba 2025 ilipotangazwa na wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wakajikuta wamelipwa kidogo sana wakilinganishwa na wenzao wa mashariki, nyumba zilizokuwa na managu, maharagwe na viazi nyuma ya jiko zilikuwa na pa kuanzia. Zilizopanda chai hadi mlangoni zilibaki na deni la dukani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msimu ni kuamua bustani itakaa wapi. Na kwa hili ardhi yenyewe hutoa ushauri.

Duara lenye michai ya manjano

Mwulize mkulima yeyote mwenye shamba la chai la siku nyingi, atakuonyesha mahali ambapo chai ilikataa. Ni duara la hatua kumi hivi katikati ya kijani kibichi. Michai ya hapo ni mifupi, majani yana umanjano, mingine imekufa ikaacha mapengo yasiyozibika hata ukipanda miche mipya kila mwaka. Ukifuatilia, utaambiwa kwamba hapo palikuwa na nyumba ya gogo, yaani bibi, au zizi la ng'ombe, au jaa la majivu, kabla chai haijapandwa. Watu walihama, nyumba ikabomolewa, lakini udongo haukusahau. Majivu ya miaka mingi na samadi ya mifugo viliuondolea asidi, na chai haipendi udongo wa namna hiyo.

Chai hustawi penye pH ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Sukuma wiki, kabichi, spinachi, vitunguu na maharagwe hutaka 6 au zaidi kidogo. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi: udongo wa 5 una asidi mara kumi kuliko udongo wa 6. Asidi ikizidi, madini ya alumini yaliyomo udongoni huyeyuka na kuharibu ncha za mizizi, na fosforasi hung'ang'aniwa na udongo hata kama umeinunua kwa pesa yako na kuitia mwenyewe. Mchai umezoea maisha hayo, tena huinyonya alumini hiyo na kuihifadhi majanini bila kudhurika. Sukuma wiki haiwezi. Ndiyo maana mche uliopandwa mahali palipong'olewa chai juzi hudumaa, majani yake ya chini yakawa na rangi ya zambarau, na mwenye bustani akabaki kuilaumu mbegu.

Wataalamu wa chai wanalijua tatizo la mahame haya kwa muda mrefu, na dawa yake ipo: salfa au salfeti ya alumini, ili kuurudishia udongo asidi. Kwa kampuni yenye maelfu ya ekari, sawa. Lakini kwa mwenye ekari moja na nusu sioni sababu ya kununua dawa ya kuutibu udongo ambao ndio mzuri kuliko wote alio nao. Duara hilo lina fosforasi, lina potasiamu, lina miaka hamsini ya mbolea ya ng'ombe wa babu. Ling'olewe michai yake dhaifu, lizungushiwe ua, lipewe managu na sagaa. Mita 10 kwa 10 zinatosha kulisha nyumba ya watu sita mboga za majani karibu mwaka mzima, kwa kuwa mvua za huku hazikauki kwa muda mrefu.

Asiye na mahame atengeneze yake, na malighafi iko jikoni. Majivu ya kuni ni chokaa ya maskini, ingawa tajiri pia ayatumie. Yachekeche kuondoa makaa na misumari, yaweke kwenye ndoo yenye kifuniko yasinyeshewe, kwa maana majivu yaliyolowa yamekwisha kupoteza potasiamu yake. Gorogoro moja inatosha kitanda chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Yatawanye asubuhi isiyo na upepo, yachanganye na udongo kwa jembe uma kufikia kina cha kiganja, kisha uyaache wiki mbili kabla ya kupanda. Kama bustani inapakana na chai, acha nafasi ya hatua mbili, ama sivyo utaanza kuona umanjano kwenye mstari wa kwanza wa michai.

Mambo mawili watu huyakosea hapa. La kwanza ni kuchanganya majivu na samadi mbichi au yurea kwa siku moja. Vikikutana, naitrojeni hupaa hewani, ndiyo ile harufu inayochoma pua, na unabaki na nusu ya ulichobeba. Tanguliza majivu, samadi ifuate baada ya wiki mbili. La pili ni kutia majivu kwenye kitanda cha viazi. Viazi huvumilia asidi, na udongo ukipungukiwa na asidi ngozi yake hupata magamba. Viazi wekea mbolea ya ng'ombe iliyoiva, basi.

Kuiva kwa mbolea si jambo la kukisia. Ingiza mkono ndani ya lundo hadi kiwiko. Ukisikia joto, bado. Ukiona majani ya nepia yanatambulika kuwa majani ya nepia, bado. Iliyoiva ni nyeusi, inavunjika vidoleni, inanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua, na ina minyoo myekundu. Lundo lililorundikwa Novemba na kugeuzwa mara mbili au tatu huwa tayari mwanzoni mwa Machi. Lililorundikwa juzi liache liendelee. Samadi mbichi huchoma mizizi ya miche na kuleta funza wanaokata mashina.

Kuhusu mbolea ya dukani nitasema neno moja ambalo huenda lisipendeze. Ile NPK ya 26:5:5 inayoletwa kwa ajili ya chai ibaki kwa chai. Najua inavyojaribu: gunia limefunguliwa, limebaki robo, na maharagwe yako hapo. Lakini mbolea hiyo ina naitrojeni nyingi kwa sababu chai huvunwa majani. Maharagwe yakipewa hiyo huota majani makubwa ya kupendeza na kutoa mapodo ya kuhesabu, na udongo wa bustani unazidi kupata asidi ile uliyokuwa ukiipunguza kwa majivu. Kwa mboga za majani zinazohitaji nguvu katikati ya mvua, CAN inafaa zaidi, kwa kuwa ina kalsiamu na haiongezi asidi kama yurea inavyofanya.

Kitalu hakisubiri mvua

Anayengoja mvua inyeshe ndipo asie mbegu za sukuma wiki amekwisha kuchelewa kwa mwezi mzima. Hesabu ni nyepesi. Mbegu ikisiwa katikati ya Februari, mche unafikia unene wa penseli na majani manne hadi sita baada ya wiki nne au tano, yaani mvua inapotulia. Huku kwenye baridi sukuma wiki huhitaji kama wiki sita hadi nane baada ya kupandikizwa ndipo uanze kuchuma majani ya chini, kwa hiyo Mei unakula. Ukisia Machi mvua ikiwa tayari imeanza, utakula Juni ikikatika, na katikati hapo utakuwa umenunua.

Kitalu cha Februari si kikubwa. Mita 1 kwa 2 inatoa miche ya kukutosha na kumgawia jirani. Mistari iachane sentimita 15, mbegu zifukiwe kwa kina cha sentimita 1 tu, juu yake nyasi kavu. Maji ni yale ya kusuuzia vyombo na mboga, asubuhi na jioni. Siku ya tano au ya sita, mbegu zinapopasua udongo, nyasi hiyo lazima itolewe na kuinuliwa juu ya vijiti iwe kivuli. Hapa ndipo vitalu vingi hufa: mwenyewe ameenda kuchuma chai, nyasi imebaki chini siku mbili zaidi, na miche imenyooka kutafuta mwanga, mirefu, myeupe, myembamba kama uzi. Miche ya namna hiyo haiponi hata ukiibembeleza. Wiki ya mwisho kabla ya kuihamisha, punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo ili izoee jua.

Managu waweza kuanzia kitaluni pia, lakini sagaa haipendi kuhamishwa. Mbegu zake ni nyeusi na ndogo mno. Ukizimwaga mkononi, upepo kidogo tu umezipeleka. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu, umimine mchanganyiko huo kwenye vijifereji vilivyoachana sentimita 30, na ufunike kwa udongo mwembamba. Baada ya wiki tatu punguza zilizosongamana. Hizo za kupunguza ndizo mboga ya kwanza ya msimu, laini kuliko zote zitakazofuata. Sagaa ina haraka ya kutoa maua, na ikishachanua majani yake huwa madogo na machungu, kwa hiyo kila unapopita vunja kile kichwa cha maua kwa kidole gumba. Utaivuna kwa wiki kadhaa zaidi.

Uchungu uliobaki hushughulikiwa jikoni, na huku kwetu hushughulikiwa kwa maziwa. Isagek, yaani sagaa, iliyochemshwa, ikamwagiwa maziwa au malai na kuachwa ilale usiku kucha, huliwa na kimnyet, yaani ugali, kesho yake, na sijui mboga iliyo bora kuliko hiyo. Nasema hivyo nikijua kwamba kwa muda mrefu watu waliziona mboga hizi kuwa chakula cha wasio na kitu, na watoto waliozibeba shuleni walichekwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miongo kadhaa kuzitafiti na kuonyesha utajiri wake wa madini na vitamini, na kazi hiyo imesaidia kuziweka kwenye rafu za supamaketi za Nairobi. Hapa Kericho hazikuhitaji kurudi kutoka mbali. Zilikuwa zinaota zenyewe kando ya zizi, zikingoja mtu azipe kitanda.

Saa tisa alasiri

Mwaka ukianza vizuri, mvua ya huku ina tabia yake: asubuhi jua, saa sita mawingu, saa tisa au saa kumi inamwagika. Vitabu vya kilimo huelekeza kupandikiza miche jioni. Huku jioni ni matope. Panda asubuhi mapema siku ambayo jana yake ilinyesha, weka mche hadi kwenye majani yake ya kwanza, gandamiza udongo kwa vidole, na uufunike kwa jani la mgomba au kitawi hadi alasiri, mvua itamaliza kazi. Nafasi ni sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche. Wengi husonga zaidi ya hapo kwa tamaa, na kisha kwenye unyevu wa Aprili majani hayakauki, ukungu unaingia.

Kabla ya mvua hiyo ya kwanza kuna kazi ndogo za kumaliza kwa siku moja: kuondoa majani ya mikaratusi yaliyoziba gata, kusugua tangi, kuelekeza bomba pembeni ili maji ya kwanza yaoshe mabati na kwenda zake, kupunguza ua wa kaiyaba, kunoa panga. Na kuchimba mashimo ya miparachichi kama unakusudia kupanda, sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukiwekwa kando yake ili uchanganywe na mbolea.

Mvua yenyewe huja na mawe. Kericho hutajwa duniani kote miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote. Kiwango kinachonukuliwa ni wastani wa siku 50 kwa mwaka. Sababu ni jiografia. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria husukumwa juu na nyanda hizi za mashariki mwake, hukutana na hewa baridi, na matone huganda angani kabla hayajatufikia. Katika miaka ya 1960 na 1970 makampuni ya chai ya Kericho na Nandi yalijaribu kuyazuia mawe hayo, kwanza kwa roketi, kisha kwa ndege zilizonyunyiza aidaidi ya fedha mawinguni. Mawe bado yanaanguka.

Mtu wa bustani hana ndege. Alicho nacho ni kuchagua. Kitalu na miche michanga iwekwe mahali panapoweza kufunikwa kwa dakika mbili, na wavu mweusi wa kivuli uliotandazwa juu ya nguzo fupi, ukiwa na mteremko ili mawe yateleze, huokoa mengi. Sukuma wiki iliyokomaa itachanika, hilo halina dawa. Lakini moyo wa mmea ukiwa mzima, mmea ni mzima. Nimeona watu waking'oa kitanda kizima kesho yake kwa uchungu, wakati wiki tatu baadaye kingekuwa kimejifunika upya. Ngoja majani yakauke kabisa, kwa maana kutembea kati ya mimea iliyolowa yenye majeraha ni kusambaza bakteria wa uozo mweusi kwa mikono na nguo zako mwenyewe. Kisha kata majani yaliyochanika, uyapeleke kwa ng'ombe, rudishia udongo uliochimbuliwa kwenye mashina, na baada ya siku nne au tano tia CAN kidogo kuzunguka kila shina bila kuligusa. Managu na sagaa hupona upesi zaidi. Nyanya hazisameheki, na kwa sababu hiyo, pamoja na ukungu, sishauri mtu azipande nje wakati wa masika maeneo ya juu. Azipande Septemba, au chini ya paa la plastiki.

Baada ya mawe, fuko. Huyu huamka udongo unapolainika, na asubuhi moja unakuta mstari wa viazi umesinyaa kuanzia chini. Mtego wa kijiti kilichopindwa na uzi bado ndio bora, lakini lazima uchimbue njia anayoitumia kweli, ile ambayo udongo wake wa juu ni mbichi asubuhi hiyo. Wengine hupanda utupa kuzunguka bustani, mmea uleule ambao wavuvi wameutumia tangu zamani kulewesha samaki, na husema fuko huikwepa mizizi yake. Faida nyingine ya utupa ni hakika: ni jamii ya kunde na huongeza naitrojeni udongoni.

Mahindi ya kuchoma

Hakuna bustani ya huku isiyo na mistari michache ya mahindi ya kuchoma. Hata hivyo, kwa watu wa Bomet neno la tahadhari linahitajika, kwa sababu ni hapa, Longisa, mnamo Septemba 2011, ambako ugonjwa hatari wa kukauka kwa mahindi, ule wa MLN, uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Virusi viwili hukutana ndani ya mmea mmoja, majani huanza na michirizi ya manjano, katikati hukauka, na gunzi hutoka tupu. Ndani ya miaka michache ulikuwa umevuka hadi Tanzania, Uganda na Rwanda, na mwaka 2013 taasisi za utafiti za KARI (sasa KALRO) na CIMMYT zilifungua kituo Naivasha cha kuchuja aina zinazouhimili.

Virusi hivyo huishi ndani ya mahindi mabichi na hubebwa na wadudu wadogo kutoka shina hadi shina. Mistari mitano nyuma ya nyumba inayopandwa mfululizo, Machi, Julai, Oktoba, huwa daraja la kuvusha ugonjwa kutoka msimu hadi msimu hadi kwenye shamba kubwa la jirani. Basi kabla ya masika ng'oa kila bua la zamani na kila mhindi uliojiotea, wape ng'ombe, na mahali hapo weka maharagwe au viazi mwaka huu. Mahindi yahamie upande mwingine. Ukiona shina lenye dalili, ling'oe siku hiyohiyo. Kwa viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017, kupita asubuhi na kuponda mayai yaliyogandamana chini ya majani hutosha kwa bustani ya ukubwa huo.

Kuna wakazi wa nchi hii ya chai ambao hawana ardhi ya kuhamishia mahindi wala mahame ya gogo. Ni wafanyakazi wanaoishi kwenye laini za makampuni, nyumba zilizopangwa kati ya mabloku ya chai, kila moja na kijiupenyo cha udongo mlangoni. Hawa ndio wenye bustani bora nilizowahi kuona kwa kila hatua ya mraba. Gunia la kilo 90 linajazwa udongo na mbolea, katikati kunawekwa nguzo ya kokoto ya kupitisha maji, ubavuni linatobolewa matundu, na miche thelathini inakaa mahali pasipozidi kiti. Na kwa kuwa watu wametoka kila upande, mboga zimetoka kila upande pia. Sagaa iliyoletwa kama chinsaga kutoka Kisii inaota karibu na ile iliyoletwa kama dek kutoka Homa Bay, na murere wa Kakamega uko gunia la tatu. Mashine za kuchuma zinavyozidi kuingia mashambani na vibarua kupungua, magunia hayo si mapambo. Kampuni yoyote inayojenga nyumba za wafanyakazi ingefanya vyema kutenga bustani tangu kwenye ramani.

Upande wa chini wa Bomet, kuelekea Sigor na Chebunyo, ambako kuna joto na chai haifiki, kazi ya masika ina jambo la ziada: kupanda vibuyu. Mbegu mbili tatu kando ya ua, zenye mti wa kupandia, zinatosha. Kibuyu kiachwe kwenye mmea hadi kikonyo chake kikauke kabisa, vinginevyo kitaoza kabla hakijawa sotet ya kugandishia maziwa ya mursik. Na mkono ukiwa bado na udongo, mtu apande pia kichaka cha senetwet pembeni, maana mkaa wake ndio unaosugua kibuyu hicho, na siku hizi watu wanautafuta mbali.

Mbegu ya mwakani

Kazi ambayo hufanywa na wachache, na ambayo mimi ningeiweka juu ya zote, ni kuchagua mimea ya mbegu wakati bado ni michanga. Kwa miaka kadhaa jambo hili lilikuwa na hofu ndani yake. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, ilivyorekebishwa mwaka 2012, iliweka adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 2 kwa wanaouza mbegu zisizoidhinishwa, na wakulima wakawa wanapeana mbegu kwa kujificha. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu vilivyowazuia kuhifadhi na kubadilishana mbegu zao. Mama anayempa mkamwana wake mbegu za managu kwenye fundo la leso hana la kuogopa.

Basi Aprili, mimea ikifika magotini, pita kitandani ukiwa na vipande vya uzi. Funga ile yenye majani mapana, isiyo na madoa, iliyochelewa kutoa maua. Usiichume hata nyumba ikikosa mboga siku hiyo. Matunda ya managu yakishakuwa laini, yaminye ndani ya beseni la maji, usugue kwa viganja hadi maganda yaelee na mbegu zizame, umwage, urudie mara tatu, kisha uzianike kivulini juu ya karatasi. Za sagaa hukaa ndani ya vitumba virefu vinavyopasuka vyenyewe, kwa hiyo vivune vikianza kuwa vya manjano na uvifunge kwenye mfuko wa karatasi. Weka zote kwenye chupa kavu na uandike mwezi. Mbegu za sagaa ukizisia mara tu baada ya kuvuna, nyingi hazitoki. Zikikaa miezi mitano au sita huota vizuri. Zile za Agosti ndizo za Machi.